-ki- na -po- katika bajeti ya safari: somo la sarufi kutoka Luhwindja

Darasani tumezoea kufundisha viambishi -ki- na -po- kwa sentensi za mvua na shule: "Mvua ikinyesha, hatutatoka", "Mvua itakaponyesha, tutapanda mahindi." Mwanafunzi hujibu mtihani, kisha husahau. Makala haya yanapendekeza tuvifundishe kwa jambo linalogusa mfuko: bajeti ya mtu wa Luhwindja aliyealikwa likizo Ulaya. Hoja yetu ni kwamba bajeti nyingi za safari kama hiyo zina hesabu sahihi na sarufi mbaya. Mwandishi ameweka -po- mahali panapotaka -ki-, na kosa hilo hulipwa na familia nzima.

1. Maneno tunayoanza nayo

Kiswahili kina maneno mawili ya karibu: bajeti na makadirio. La pili linatokana na kitenzi kadiria, ambacho asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio ule ule wa neno takdiri, yaani majaliwa. Maneno haya mawili ni ndugu, lakini kazi zao ni tofauti. Takdiri haiko mikononi mwetu; makadirio ni ile sehemu tunayoweza kuipima kabla ya kutoka nyumbani. Wazee husema mipango si matumizi. Methali hiyo haitukatazi kupanga, bali hutukumbusha kwamba kati ya mpango na matumizi kuna "ikiwa" nyingi.

Tofauti ya sarufi ni hii. Kiambishi -po- pamoja na wakati ujao (nitakapofika) huchukulia kwamba tendo litatokea. Kinachosubiriwa ni saa yake tu. Kiambishi -ki- (nikifika) huacha mlango wazi: tendo laweza kutokea, laweza kukosekana. Ni kweli kwamba -ki- hutumika pia kwa maana ya wakati, lakini ndicho chenye nafasi ya shaka. Katika Kiswahili tunachozungumza mitaani Bukavu, mara nyingi neno "kama" hubeba kazi zote mbili. Mtu akisema, "Kama viza inatoka, tutalipa tiketi," msikilizaji hajui kama msemaji ana hakika au anabahatisha. Katika mazungumzo hilo si tatizo kubwa. Katika bajeti, ni tatizo.

2. Mfano wa darasani

Tubuni mfano. Dada mmoja wa Luhwindja, katika wilaya ya Mwenga, amealikwa na kaka yake anayeishi Liège, Ubelgiji, kwa siku 14. Mama ameahidi kuuza ng'ombe mmoja. Dada yuko katika likelemba ya wanawake wanane, na zamu yake ni mwezi wa nne. Ameandika hivi:

"Zamu yangu itakapofika, nitalipa viza. Viza itakapotoka, nitanunua tiketi. Nitakapofika Liège, kaka atanirudishia pesa za mama."

Sentensi tatu, -po- tatu. Hebu tuzipime moja moja.

Zamu ya likelemba ina tarehe na watu wanaofahamiana, kwa hiyo "itakapofika" inakubalika, ingawa mwanachama mmoja akifiwa au akiugua zamu huweza kusogezwa. Viza ni habari nyingine. Ombi huamuliwa na ofisi ya ubalozi, na jibu laweza kuwa hapana. Sentensi ya tatu inategemea ya pili, kwa hiyo nayo inabeba shaka ile ile. Sarufi sahihi ni: "Viza ikitoka, nitanunua tiketi. Nikifika Liège, kaka atanirudishia pesa za mama." Papo hapo swali linajitokeza lenyewe: na isipotoka, nani atamrudishia mama? Swali hilo lilikuwa limefichwa na -po-.

3. Mafungu matatu ya pesa

Ili kuandika bajeti yenye sarufi sahihi, tugawe pesa katika mafungu matatu, kila fungu na kitenzi chake.

Fungu la kwanza ni pesa za *kulipa kabla ya jibu*. Tangu tarehe 11 Juni 2024, ada ya viza fupi ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Ada hiyo hairudishwi ombi likikataliwa. Kuna pia bima ya safari inayofunika gharama za matibabu zisizopungua euro 30,000. Kabla ya kuilipia, uliza kwa maandishi kama pesa hurudishwa viza ikikosekana. Pasipoti nayo ina masharti: iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uzidi siku ya kutoka Ulaya kwa angalau miezi 3. Kama haitoshi, pasipoti mpya inaingia katika fungu hili.

Lakini gharama inayosahauliwa zaidi ni safari ya kabla ya safari. Maombi ya viza ya Ubelgiji hushughulikiwa Kinshasa, na kutoka Bukavu hadi huko ni kama kilomita 1,500 angani, bila barabara ya kutegemewa. Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, ndege za abiria zilisimama Kavumu, na msafiri akalazimika kuvuka Ruzizi kutafuta ndege katika nchi jirani. Tena kuna kulala na kula Kinshasa. Kwa kawaida jibu hutolewa ndani ya siku 15 tangu ombi lipokelewe rasmi, lakini muda huweza kuongezwa hadi siku 45. Bajeti nzuri huandika: "Nitakaa siku 15; jibu likichelewa, nitakaa hadi siku 45, kwa ndugu fulani, kwa kiasi fulani."

Fungu la pili ni pesa za *kuonyesha*. Ubalozi hutaka ushahidi kwamba mgeni ataweza kujitunza. Ubelgiji hutumia kipimo cha euro 95 kwa siku kwa anayelala hotelini na euro 45 kwa anayepokewa nyumbani kwa mtu. Kwa siku 14, ni euro 1,330 au euro 630. Mwenyeji pia anaweza kutia sahihi dhamana katika manispaa anakoishi, na hapo kipato chake ndicho kinachopimwa. Pesa za kuonyesha si lazima ziishe zote, wala si zawadi kwa ubalozi. Kosa la kawaida ni kuzikopa kwa siku chache ili akaunti ionekane imejaa. Afisa husoma miezi iliyopita ya akaunti, na pesa zilizoingia jana zinaonekana kuwa za jana.

Fungu la tatu ni pesa za *kutumia jibu likiwa ndiyo*: tiketi, treni kutoka uwanja wa ndege, chakula, nguo za baridi, zawadi za kurudi nazo, na akiba ya dharura, tuseme sehemu moja ya kumi ya jumla. Angalia vitenzi hapa: kuhifadhi nafasi katika ndege si kununua tiketi. Ombi huhitaji ushahidi wa mpango wa safari. Anayenunua tiketi isiyorudishwa kabla ya jibu amehamisha pesa za fungu la tatu kwenda la kwanza bila kujua.

Kwa mafungu yote, andika sarafu tatu: faranga, dola na euro. Kwetu pesa huwekwa kwa dola, ada huhesabiwa kwa euro, na usafiri wa kutoka kijijini hulipwa kwa faranga. Kila kubadilisha kuna hasara, na noti ya dola iliyochanika kidogo hukataliwa sokoni Bukavu hata kama thamani yake ni kamili.

4. Bajeti iliyosahihishwa

Sasa dada anaandika upya:

"Zamu yangu itakapofika, nitalipa pasipoti, viza na safari ya Kinshasa. Pesa hizi zikipotea, ni zangu. Ng'ombe wa mama hatauzwa kabla ya jibu. Viza ikitoka, mama atauza, nami nitanunua tiketi. Isipotoka, nitasoma sababu, kwa kuwa sheria inawadai waziandike, kisha tutaamua na kaka kama tukate rufaa au tuombe upya."

Hesabu haikubadilika hata kwa euro moja. Kilichobadilika ni mpangilio wa hatari: ng'ombe amebaki zizini hadi neno "ikitoka" ligeuke kuwa "imetoka". Bila mpangilio huo, familia hubaki na kiambishi kingine tunachokijua vizuri, -nge-: "Tungejua, tusingeuza."

5. Mazoezi

(a) Sahihisha: "Kaka atakaponitumia barua ya mwaliko, nitaacha kazi." Eleza ni nani anabeba hasara katika sentensi ya kwanza na katika yako.

(b) Ombi la viza huwasilishwa si zaidi ya miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Ukizingatia kwamba jibu laweza kuchukua siku 45, andika sentensi tatu za kupanga tarehe za safari ya mwezi wa nane, ukitumia -po- mara moja na -ki- mara mbili.

(c) Sikiliza watu wawili nyumbani kwenu wakizungumza juu ya gharama ya arusi, karo au safari. Andika kila "kama" waliyoitumia, kisha amua ipi ni -ki- na ipi ni -po-. Wasomee majibu yako. Wasipokubaliana nawe, huenda hawakubaliani wao kwa wao, na ni afadhali wajue hivyo kabla pesa hazijatoka.