Somo: Ruzuku ya nguvu safi, nani anaisimamia?

Ndugu walimaji, koperative ikiahidiwa ruzuku, maana pesa ambayo Serkali ao shirika linaongeza ili tupate masini ya sola ao turbine ndogo ya maji, tunafurahi. Lakini tuulize kwanza: nani anasimamia pesa ile, na kwa kanuni gani?

Tutazame mufano wa walimaji wa mbali, wa Irelandi ya Kaskazini, sehemu ya Uingereza. Mwezi wa 11 mwaka 2012, Serkali yao ilianza kulipa wenye biashara na wafugaji waliokubali kuacha mazuti na kuchoma punje za mbao ili kupata joto. Wafugaji wengi wa kuku waliingia. Lakini kanuni ilikuwa na tundu: kwa kila 100 uliyonunulia punje, ulirudishiwa karibu 160, bila mwisho. Kuchoma zaidi njo kupata zaidi! Kule Uingereza kwenyewe kuliwekwa kipimo: ukipita masaa fulani kwa mwaka, malipo yanashuka.

Ofgem, ofisi iliyolipa pesa, ilionya mbele mupango uanze. Mwaka 2013 mama mumoja mwenye biashara naye alionya. Hawakusikilizwa. Mwezi wa 2, 2016 mulango ukafungwa, kisha mwaka 2017 na 2019 malipo yakakatwa. Hata mufugaji aliyechoma kwa kiasi, aliyekopa benki juu ya kuamini ahadi ya miaka 20, alipunguziwa. Tume ya jaji Patrick Coghlin ilisema mwaka 2020 kwamba chanzo cha shida hakikuwa rushwa. Kazi ilifanywa vibaya, na maofisi hayakuambiana mambo.

Somo letu njo hili: musimamizi anaweza kukosa rushwa na bado akakosa haki.

Hapa Congo, sheria ya umeme ya 2014 ilileta ARE kwa kusimamia kanuni, na ANSER kwa umeme wa vijijini. Mbele ya kutia sahihi kwa ruzuku yoyote, tuulize:

1. Kanuni imeandikwa, na ni moja kwa wote?
2. Malipo yana mwisho gani, na yanaweza kubadilika juu ya nini?
3. Mutu akidanganya, ataazibiwa yeye peke yake ao sisi wote?
4. Tukiwa na lalamiko, tulipeleke wapi, na jibu litakuja kisha siku ngapi?

Majibu yaandikwe katika kitabu cha mukutano. Ahadi ya mudomo hailipi deni la benki.