Mama Mkwe Hutembea Usiku

Shangazi,
Nimeolewa hapa Nyamache miaka kumi na sita sasa. Mume wangu anafanya kazi Nairobi, mimi niko bomani na mama yake. Tangu mwaka jana mama hutoka usiku. Juzi saa tisa nilimkuta nyuma ya nyumba ya jirani, leso imeshuka kiunoni, ameshika sufuria tupu, anaongea na mtu nisiyemwona. Wiki hiyo hiyo mtoto wa jirani huyo alikuwa mgonjwa. Sasa nikifika kituo cha majani chai watu wananyamaza. Shemeji yangu anasema mama ni omorogi, yaani mchawi, ahame kabla vijana hawajaja, na kwamba huenda nami nimeshafundishwa. Mama mwenyewe anasema nimemwibia pesa. Jina langu analisahau, lakini shambani anachuma kunishinda. Mimi nimemaliza kidato cha nne, Shangazi, lakini nimewakataza watoto kula kwake, na msichana wangu mkubwa aliyekuwa akilala naye nimemtoa. Mama ni mchawi au ni mgonjwa? Na nikimfungia kwa kufuli usiku nitakuwa nimekosea?
Mke wa Boma, Nyamache

Mwanangu,

Nianze na kufuli, maana hilo laweza kuua usiku wa leo. Usimfungie. Ndani mna kuni na koroboi. Akiamka akadhani ni wakati wa kupika, moto ukashika, atatokea wapi? Na wanaomwendea mzee kwa ubaya hufurahi wakikuta mlango umeshafungwa kwa nje. Tundika kopo lenye mawe mlangoni. Likilia, utaamka.

Sasa lile kubwa. Mimi si daktari na mama sijamwona, lakini ulichoandika ni ugonjwa. Hospitalini huuita demensia, ubongo unaochakaa kupita umri unavyodai. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanaougua ni zaidi ya milioni 55, na wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri kama yetu.

Mwaka 1901 mwanamke wa miaka 51 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Alikuwa akificha vitu, akimshuku mumewe, akipiga kelele usiku. Aliulizwa jina la mumewe, akataja lake mwenyewe. Daktari Alois Alzheimer aliandika majibu yake moja baada ya jingine, na mama huyo alipofariki mwaka 1906 akauchunguza ubongo wake kwa darubini. Aliukuta umesinyaa, una madoa, una nyuzi zilizosokotana. Mama huyo angekuwa wa huko kwenu Bobasi, majirani wangekuwa na jina jingine la kumpa.

Umeniandikia kwamba analisahau jina lako lakini anachuma kukushinda. Mstari huo nimeusoma mara tatu. Kumbukumbu si ghala moja. Majina na mambo ya jana yana mahali pake kwenye ubongo, na hapo ndipo ugonjwa huu huanza kula. Ujuzi wa mikono umehifadhiwa pengine, nao hudumu zaidi. Simama kando yake kesho asubuhi utazame vidole: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, bila kuangalia. Vidole vimefanya kazi hiyo miaka mingi, havihitaji kuulizwa.

Hata usiku una sababu yake. Mwilini mna saa inayomwambia mtu sasa lala, nayo huharibika. Gizani ubongo uliochoka huona watu wasiokuwepo, na nguo huweza kumwasha mtu akazivua asijue yuko wapi. Ile sufuria tupu, muulize kwa upole alikuwa akiipeleka wapi. Usishangae akikwambia anakwenda kumpikia mama yake. Na pesa hujaiba; aliificha, akasahau kwamba aliificha. Pekua chini ya godoro na ndani ya gunia la mahindi.

Mpeleke hospitali ya Nyamache mchana, mbele za watu, wamwone anatibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Waombe wampime mkojo, maana maambukizi ya mkojo yanaweza kumvuruga mzee akili ndani ya siku mbili tu. Wapime damu, sukari, vitamini B12 na tezi ya shingo. Waangalie macho, masikio na dawa anazotumia. Baadhi ya hayo hutibika na mtu akarudi. Ikiwa ni ule ugonjwa aliouona Daktari Alzheimer, dawa ya kuuponya haipo, na atakayekuuzia moja sokoni ni mwizi. Omba barua ya kukupeleka hospitali ya rufaa Kisii, na karatasi zote uzihifadhi. Utazihitaji.

Shemeji naye. Tulipokuwa wadogo tulitishwa kwamba abarogi hutembea uchi usiku na kwamba mke hufundishwa na mama mkwe. Sasa chukua mzee anayetoka usiku nusu uchi, na mke anayekaa naye: hadithi imejitimiza bila uchawi wowote. Wenzetu nao wana dalili zao. Usukumani, Tanzania, vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe jikoni. Kilifi huwa mvi. Kila mahali kosa ni uzee wenyewe.

Na usidhani ni maneno matupu. Mei 2008 kundi lilizunguka vijiji vya Kisii na orodha ya majina, likachoma watu wasiopungua 11, wengi wao kina mama wazee. Oktoba 2021, Marani, humu humu Kisii, wakauawa wanawake wanne. Tazama na ardhi: kaunti hii ya Kisii ina watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba, na kipande cha majani chai si kitu kidogo. Muulize shemeji jambo moja tu: mama akihama, shamba lake litachumwa na nani, na bonasi itaingia akaunti ya nani? Wanasiasa wetu usiwangoje. Hawakosi matanga wala kipaza sauti, ila kikongwe ni kura moja na vijana ni kura nyingi.

Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ipo tangu 1925. Inasema kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi ni kosa, faini isiyozidi shilingi 500 au kifungo kisichozidi miaka mitano. Lakini wakoloni walioiandika waliacha mlango: ukimtuhumu mbele ya chifu au polisi, kosa hilo halipo. Kwa hiyo mtangulie shemeji. Nenda kwa chifu wewe na zile karatasi za hospitali, umweleze kwamba mama ni mgonjwa na umwambie ni nani anayetishia. Ukitoka hapo ingia kwa yule jirani, umpe pole ya mtoto, umwombe akimwona mama usiku amrudishe au akuite.

Mumeo mpigie simu aje. Akinyamaza, najua kwa nini. Sisi Abagusii tuna ensoni: mwana hamwoni mama yake uchi, haingii anapolala, na haya hiyo humfunga mdomo. Hatamwogesha, lakini kwa chifu anaweza kusimama, na nduguye anaweza kumkanya.

Ila mila hiyo hiyo haimfungi mjukuu. Mjukuu hutaniana na magokoro, yaani bibi yake, hulala kwake, humvisha, humrudisha kwa mkono akipotea, na hakuna aibu. Mwanangu, huyo mlinzi mama alikuwa naye, na wewe ndiye uliyemwondoa. Sikulaumu, uliogopa. Lakini ukimficha mtoto, majirani husoma kwamba hata wewe wa ndani umeamini. Mpikie mama kwako, mle pamoja, watoto wakiwa wamekaa naye, mlango wazi, wapita njia waone. Msichana mweleze ugonjwa kama nilivyokueleza, wapokezane na binamu zake asichoke na shule, na jioni ya leo mrudishe akalale kwa magokoro wake.