Wajibu wa Mpokeaji wa Kambakoche

Mzani wa mpokeaji una sauti kubwa kuliko doria. Mzamiaji huleta kile anachojua kitalipwa; kamba mchanga au mwenye mayai akikosa mnunuzi, hakuna anayepoteza pumzi kumfuata pangoni.

Katika visiwa vya Lamu na kaskazini hadi Kiunga, uzamiaji hushamiri wakati wa kaskazi, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu. Aina inayoongoza katika mavuno ni Panulirus ornatus, anayejificha miambani mchana na kutoka usiku kutafuta chakula. Jike hubeba mayai laki kadhaa chini ya mkia kwa takriban mwezi mmoja. Yakianguliwa, viluwiluwi bapa, vyembamba kama jani, huelea bahari kuu kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi miambani wakiwa kamba wadogo. Kwa muda huo mkondo huweza kuwafikisha mbali na walikozaliwa. Hapo ndipo hupata nguvu ile hoja kwamba majike wakiachwa hapa, watoto wao watavuliwa na wengine kule. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu kila diko hula kutokana na majike walioachwa na madiko mengine.

Ukaguzi hufanywa kamba akiwa hai, kabla ya kupimwa uzito. Hushikwa gamba la mgongo, wala si papasi, ambazo hukatika na kushusha bei. Kisha hugeuzwa tumbo juu. Mayai machanga huwa na rangi ya chungwa. Yanayokaribia kuanguliwa huwa kahawia. Kutoonekana kwa mayai hakutoshi kumpitisha, kwani wapo wanaoyakwangua kabla ya kufika ufukweni. Vimiguu vya chini ya mkia wa jike vina nyuzi laini zinazoshika mayai. Zikiwa zimekatika, na mayai machache yamesalia mikunjoni, hila imekwisha kufichuka. Utando wa mbegu za dume uliogandamana kifuani, katikati ya miguu, nao huonyesha jike anayekaribia kutaga.

Ukubwa hupimwa kwenye gamba, kuanzia kati ya pembe mbili za juu ya macho hadi ukingo wa nyuma, mkia hauhesabiwi. Aliyejivua gamba karibuni, ambaye bado ni laini, hufa upesi safarini na hana faida hata kwa mfanyabiashara asiyejali uhifadhi. Anayekataliwa hurudishwa miambani mapema. Kumwacha juani hadi jioni ni sawa na kumnunua.

Suala gumu ni la deni. Wazamiaji wengi hutumia miwani, mashua na mafuta ya tajiri, na deni linapolipwa kwa uzito pekee, kila kamba mdogo huwa punguzo la deni. Ni haki ya mvuvi kujua bei, kiasi cha deni na sababu ya kukataliwa, na kupewa vyote kwa maandishi. Mpokeaji mwadilifu hatumii ukaguzi kumkandamiza mdeni, wala hapokei kamba mwenye mayai kwa huruma.

Nchini Kenya, Kanuni za vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) za 2007 ziliwapa wavuvi nafasi rasmi katika usimamizi wa madiko, hivyo nakala ya daftari inastahili kufika BMU. Tarehe, mahali pa uvuvi, jinsia, uzito na idadi ya waliokataliwa huandikwa siku hiyo hiyo. Daftari lisilo na hata kamba mmoja aliyekataliwa msimu mzima ndilo la kukaguliwa kwanza.