Dondoo muhimu: Kabla hujamtumia hela muuza spea
Muuzaji mwenye sifa tupu, bila hata lalamiko moja, ananitia shaka kuliko mwenye malalamiko matatu aliyoyajibu. Fuatilia lalamiko hadi mwisho wake: alibadilisha spea, au alimwita mteja mwongo?

Usiulize tu kama ana shokapu za Corolla. Mtumie namba ya chesisi. Kwa magari yaliyotoka Japani, namba hiyo ndiyo inayoonyesha toleo halisi, na muuzaji asiyeihitaji anabahatisha kwa hela yako. Omba pia picha ya spea yenyewe ikiwa pembeni ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo.

Injini na gia boksi za mtumba ndizo zinazoumiza watu zaidi, maana kasoro zake hazionekani mpaka fundi azifunge. Kubalianeni kwa maandishi siku za kuzirudisha. Tunza risiti.

Mambo yakiharibika, mwandikie muuzaji kwanza. Akinyamaza, waeleze wapenzi wenzako wa magari: tarehe, kiasi, picha. Acha matusi, yanafunika ushahidi. Kwa Tanzania, spea bandia ziripoti Tume ya Ushindani (FCC). Na akikurudishia hela, wajulishe wenzako hilo pia.