SOMO LA AFYA: MSICHANA, SIKU ZAKE NA DAWA YAKE



Safari hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu hulisema pembeni tu. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa nne ametupa ruhusa ya kueleza habari yake, lakini jina lake hatuliandiki. Kila mwezi kulikuwa siku za kulia bila sababu, za kujibu wakubwa vibaya na kukataa chakula. Mama yake alisema: «Huyu mutoto ameharibika.» Majirani wakasema: «Iko na pepo.»

1. Juu ya nini inakuwa hivi?
Mwili wa msichana una homoni mbili kubwa, estrojeni na projesteroni. Yai likiisha kutoka, projesteroni inapanda. Damu ikikaribia, zote mbili zinashuka. Ubongo wa wasichana wengine unasikia sana mabadiliko haya. Basi kasirani na huzuni zinakuja juma moja au mawili mbele ya damu, na kuisha siku chache baada ya damu kuanza. Miaka ya kwanza mwezi haufuati kalenda: unaweza kurudi kisha siku 21 ao kukawia mpaka siku 45.

2. Mzazi afanye nini?
Mama alinunua kaye. Miezi 3 yeye na binti waliandika siku za damu, siku za kasirani na usingizi. Wakaona kwamba kasirani inarudi wakati uleule. Kisha pale mama alimpunguzia kazi ya kuteka maji siku zile, na maneno mazito aliyaacha mpaka jioni, wakati wote wawili wametulia. Lakini tusi lilibaki tusi, na binti alijifunza kuomba samahani. Mama naye alijifunza kutosema kila mara «Ni mwezi wako», maana pengine mtoto amekasirika kwa haki.

Kama kaye inaonyesha huzuni siku zote, huo ni ugonjwa mwingine. Na msichana akisema afadhali afe, asiachwe peke yake. Apelekwe kwa munganga siku ileile.

3. Dawa
Damu yake ilikuwa nyingi kupita kiasi. Munganga alimpa vidonge vya chuma, na vidonge vya homoni, vile ambavyo wengine wanatumia kwa kupanga uzazi. Katika interna mtu mmoja aliviona, na maneno mabaya yakaenea. Mwenzetu akaona haya, akaacha vidonge katikati ya pakiti. Kisha siku chache damu ilirudi kwa nguvu, akarudishwa nyumbani wakati wa mitihani.

Sisi pia tulicheka. Hatukujua kwamba dawa moja inaweza kutibu mambo mengi.

Tushike haya:
a) Kidonge cha homoni kinamezwa saa ileile kila siku. Usikiache bila kuuliza munganga, wala usimgawie mwenzako.
b) Mwambie munganga dawa zako zote. Rifampisini ya kifua kikuu na fenobarbitali ya kifafa zinapunguza nguvu ya vidonge vya homoni.
c) Kidonge cha chuma usikimeze pamoja na chai.
d) Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikiuma, ao kichwa kikiuma sana na macho kuona vibaya, enda hospitali mara moja.

Leo binti anameza dawa mwenyewe, na mama anahesabu pamoja naye kila juma. Katika interna, mama mlezi anajua. Mwenzetu amerudi darasani, nasi tumemwomba samahani.

Maswali ya kujibu:
1. Kaye inamsaidia mzazi kutenganisha mambo gani?
2. Ukiona dawa katika sanduku ya mwenzako, utafanya nini?
3. Juu ya nini si vizuri kuacha dawa katikati?