Simeoni na Ndege Wawili: Amani Baada ya Krismasi

Somo: Luka 2:22–40



Ikifika Januari mwenye duka haulizi tena habari za sikukuu, anauliza deni litalipwa lini. Watoto wetu waliokuja kula Krismasi nyumbani wamesharudi mijini kwa mabasi yaliyojaa, na kwenye migomba kumebaki kimya. Shule zimefunguliwa. Ni kweli ada ilifutwa katika shule za msingi za serikali mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikafutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini sare, viatu na madaftari hakuna aliyevifuta. Ndipo na kanisa nalo linaleta orodha yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki ibada katika usharika mmoja, Jumapili ya pili ya Januari. Wakati wa matangazo mzee wa kanisa alisimama na karatasi, akasoma majina ya washarika ambao hawajamaliza ahadi zao za mwaka uliopita pamoja na mchango wa tangi la maji. Alisoma jina, kisha kiasi kilichobaki. Mama mmoja mjane, aliyekaa karibu na mlango, alisomewa shilingi elfu kumi na mbili. Hakulia wala hakusema neno. Jumapili iliyofuata hakuja, na hadi Kwaresima inaanza jumuiya yake ilikuwa haijamwona.

Yule mzee simlaumu. Barua ya kuukumbusha usharika ukamilishe mchango wake kabla fedha za wafadhili hazijatolewa niliiandika mimi, tena kwa maneno makali kidogo, kwa sababu nami nilikuwa nadaiwa ripoti.

Sasa tutazame somo letu. Yusufu na Mariamu wanampeleka Mtoto hekaluni baada ya siku za utakaso, ambazo kwa mtoto wa kiume zilitimia arobaini. Walawi 12 inaagiza mama alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja. Asipoweza kumpata kondoo, alete ndege wawili. Luka anataja ndege tu. Kwa hiyo yeyote aliyesimama uani mwa hekalu siku ile, kwa kutazama mikono ya Yusufu peke yake, angejua hali ya nyumba ile. (Dhahabu ya mamajusi, kama wengi wanavyofikiri, ilikuwa haijafika.) Lakini ndege wale walikuwa sadaka kamili. Sheria yenyewe ilimwekea maskini nafasi; hakuna aliyemwandikia Mariamu baki la kondoo.

Ni wazazi hao ambao Simeoni aliwaendea. Akampokea Mtoto mikononi, akasema sasa anaweza kwenda zake kwa amani. Tujiulize, ni kitu gani kilikuwa kimebadilika Yerusalemu? Warumi walikuwa bado wanatawala. Simeoni hakuona muujiza hata mmoja, hakusikia mahubiri ya mlimani, hakuliona kaburi wazi. Aliona mtoto mchanga asiyejua kusema, na hilo likamtosha. Amani yake haikungoja mambo yaishe. Sisi neno "ahadi" tumelifanya kuwa jina la deni la msharika kwa kanisa. Katika somo hili ahadi ni ya Mungu kwa watu wake, na ni yeye aliyeitimiza.

Wala hii si amani ya kujidanganya. Simeoni huyohuyo anamgeukia Mariamu na kumwambia habari za upanga. Na Mathayo 2 inasimulia jinsi familia hiyo ilivyokimbilia Misri usiku. Mwenye mgonjwa au msiba Januari hii asidhani kwamba Krismasi imempita kando.

Halafu anatokea Ana, mjane mzee sana, aliyeishi na mumewe miaka saba tu. Luka anasema hakuwa akiondoka hekaluni. Nimeurudia mstari huo mara nyingi tangu Jumapili ile. Ana angemwonaje Mtoto kama mtu angelisoma jina lake hadharani, naye akaona afadhali abaki nyumbani?

Mwinjilisti na wazee wawili walikwenda kumtembelea yule mama, nami nikiwa nyuma yao. Alitupikia chai. Akatueleza kwamba mwanawe alikuwa ameanza kidato cha kwanza, na huko ndiko ilikokwenda elfu kumi na mbili. Tulimwomba radhi. Alirudi kanisani Pasaka, akakaa benchi jingine.

Kwenu marafiki wafadhili, nawadai maelezo niliyoyafupisha mno wakati ule. Tangi lilikamilika miezi mitano nyuma ya ratiba. Tuliwapa washarika muda hadi mavuno ya masika, na asiye na fedha akaruhusiwa kutoa siku za kazi, kusomba mchanga na mawe, zikahesabiwa sawa na shilingi za mwenzake. Katika jedwali la ripoti safu ile ilionekana vibaya sana. Mngekuwapo siku maji yalipofunguliwa, mngeona waliosomba mawe wamesimama mstari mmoja na waliolipa, kila mtu na ndoo yake.

Kwa mazungumzo ya kamati na jumuiya: someni Luka 2:22–40 na Walawi 12:6–8 kwa sauti. Katika usharika wenu, ndege wawili leo ni kitu gani, na anayewaleta anapokelewaje? Nani hajaonekana tangu Krismasi, na nani ataenda kwake wiki hii bila karatasi mkononi?