Maua ya Kwanza ya Pamba

Wakulima wa Sapiwi katika Bariadi wapandao pamba mwezi wa Novemba huona maua ya kwanza baada ya majuma 8 hivi. Nasi twafurahi pamoja nao. Asubuhi ua ni jeupe lenye umanjano kidogo. Siku ya pili hugeuka rangi ya waridi, kisha hunyauka na kuanguka. Wageni wa kilimo hudhani limeharibika, kumbe kitumba kimekwisha kushika, nacho hupasuka baada ya siku 50 hivi. Basi, wakatazeni watoto wasiyachume kuwa mapambo, ijapokuwa yapendeza kweli. Tena, dawa ya funza isinyunyizwe asubuhi, nyuki wakiwa mauani. Ngojeni jioni, wakiisha kurudi mizingani.